Mshale Zizini kwa Wakwe

Laki moja na elfu kumi na nane, pamoja na shemeji mmoja. Hiyo ndiyo gharama ya jambo zima. Nimeijumlisha mara mbili, kama ninavyojumlisha kila kitu: kidude elfu sabini na tano, kwa bei ya sisi wenyewe wauzaji, mkanda wa ngozi na kengele yake elfu kumi na tano, baada ya kumshusha fundi viatu kutoka ishirini na mbili, nauli na bodaboda za safari mbili, ishirini na nne, soda nne, elfu nne, ambazo hakuna aliyezifungua. Hesabu ya fedha inakubali. Ya shemeji ndiyo inayokataa kila ninapoirudia.

Mimi nauza simu zilizotumika, Singida mjini, kwenye meza ya kioo jirani na soko. Simu za bei ya juu siku hizi zina redio ya ziada ndani yake. Kwenye boksi wanaiandika kwa herufi tatu, UWB. Sokoni hatuna muda wa herufi tatu, tunaiita mshale. Redio hiyo hutoa midundo mifupi kuliko kitu chochote unachoweza kukihesabu, inakwenda mpaka kwenye kidude kidogo kama kifuniko cha soda, na kidude kinajibu. Simu inapima muda wa kwenda na kurudi. Kwa muda huo inajua kidude kiko umbali gani na upande gani, halafu inakuchorea mshale kiooni: mita sita, kushoto. Ukigeuka, mshale unageuka. Ukisogea, namba inapungua. Mteja akiona hivyo mara ya kwanza hucheka peke yake, na mteja anayecheka hapunguziwi bei.

Simu iliyowahi kufunguliwa mgongo na fundi wa haraka mara nyingi inakuwa na mshale uliokufa, na mwenye simu hajui. Mimi ninajua, maana nina kidude changu cha majaribio. Namwomba jirani yangu anayeuza mchele akifiche nyuma ya gunia lolote. Simu ikishindwa kunipeleka kwenye gunia, namshusha aliyeniletea elfu hamsini, na simzungushi.

"Hiki kitu kinaweza kumtafuta mdeni?" muuza mchele aliniuliza siku moja.

"Kama atakubali kukivaa."

"Basi hakina kazi."

Ningemsikiliza muuza mchele, leo ningekuwa na shemeji.

Nina ng'ombe mmoja. Mtu wa mjini mwenye ng'ombe mmoja ana wasiwasi wa mtu mwenye mia, kwa sababu akipotea huyo hakuna mwingine wa kujidanganya kuwa ndiye. Nilimweka kwa kaka wa mke wangu, kijiji kimoja cha upande wa Ikungi. Utaratibu ni ule ule wa siku zote: mwenye kumtunza anakunywa maziwa, anatumia samadi, na ndama wa tatu ni wake. Hakuna karatasi. Mimi ni Mnyiramba wa upande wa Kinampanda, wao ni Wanyaturu, na tangu nioe wananitania kwamba Mnyiramba akikupa mkono inabidi uhesabu vidole vyako. Nilikuwa nacheka nao. Sikujua wanaandaa ushahidi.

Wasiwasi wangu uliletwa na muuza kuku. Yeye huzunguka vijijini na baiskeli ananunua kuku, kisha anakuja mezani kwangu kuchaji simu bure. Siku hiyo anasema, huku anajipangusa vumbi: "Bosi, yule ng'ombe wako mwenye baka jeupe usoni, kama sikukosea nimemwona anaswagwa barabarani kuelekea mnadani."

"Kama hukukosea, au umemwona?"

"Kama sikukosea."

Nilimpigia shemeji hapo hapo. "Shemeji, ng'ombe yupo?"

"Yupo, anakula."

Jioni nikapiga tena. "Shemeji, bado yupo?"

"Bado anakula," akasema. "Tangu asubuhi. Labda umwambie wewe, mimi hanisikii."

Ng'ombe wenye baka usoni mkoa huu ni wengi kuliko wachungaji, hilo nalijua. Lakini kulijua jambo hakukupi usingizi. Nilianza kupiga kila siku, kwa visingizio: leo naulizia mvua, kesho naulizia bei ya alizeti, mwishoni "na yule bibi hajambo?", yaani ng'ombe. Mke wangu alinisikia mpaka akachoka. "Baba watoto," aliniambia, "kaka yangu si meza ya simu. Humkagui kila asubuhi."

Nikanyamaza. Mtu anayenyamaza ghafla inafaa aogopwe.

Nilikwenda kwa fundi viatu akanishonea mkanda wa shingoni, ngozi mbili zilizobandikwa, na kengele ya shaba chini. Kati ya ngozi hizo nikaweka kidude kingine, kipya. Mke wangu aliuona mkanda, hakuona kilichomo tumboni mwa mkanda. Aliushika, akaitikisa ile kengele, akasema, "Leo umekuwa mtu." Sifa nazipokea bila kuuliza zinatoka wapi.

Shemeji alifurahi kuliko nilivyotaka afurahi. Alinichinjia jogoo. Alimvalisha ng'ombe mkanda mbele ya jirani zake, akasema kwa sauti ya kusikika ng'ambo: "Huyu ndiye shemeji. Wa kwenu wanaleta sukari, wa kwangu amemvalisha ng'ombe." Nilikula ule mguu wa kuku nikiwa naangalia chini. Kabla sijaondoka nilisimama mlangoni mwa zizi na simu mfukoni, nikaichungulia: mita kumi na moja, mbele. Nikarudi mjini nimetulia.

Utulivu ulidumu mpaka njiani. Sasa nieleze jambo ambalo mimi muuzaji nilipaswa kulijua. Mshale unafanya kazi ukiwa karibu tu, mita chache, kama mtu anayenong'ona. Ukiwa mbali, kidude kinategemea simu za watu wengine, za ukoo ule ule wa gharama, zipite jirani nacho, ziisikie sauti yake na kukutumia habari bila wenyewe kujua. Mjini simu hizo zipo. Kule kwa shemeji simu ni za batani, zenye tochi na redio, zinazokaa na chaji wiki nzima. Ni simu nzuri, ila hazisikii kitu. Kwa hiyo ramani yangu ilinionyesha sehemu moja tu: zizini, saa niliyoondoka. Kesho yake zizini, saa niliyoondoka. Wiki nzima, ng'ombe wangu alikuwa amesimama kwenye saa niliyoondoka.

Nilizidi kuwa mbaya. Zamani nilikuwa nampigia mtu simu, na mtu ana kikomo cha kupigiwa. Sasa nilikuwa naifungua ramani, na ramani haichoki. Mteja anauliza bei ya chaja, mimi naangalia ng'ombe. Nilimrudishia mama mmoja chenji mara mbili kwa simu moja. Kwa mara ya kwanza kuhesabu mara mbili kulinitia hasara.

Halafu mchana mmoja, jua la kiangazi limekolea na upepo unapeperusha maboksi, alama ikahama. Haikuwa kwa shemeji. Ilikuwa kandokando ya barabara kuu ya Dodoma, vijiji viwili mbele, ule upande wa mnadani. Abiria fulani wa basi, mwenye simu ya gharama, alikuwa amempita ng'ombe wangu. Nilifunga meza, nikamwachia muuza mchele ufunguo.

"Unakwenda wapi na jua hili?"

"Kumtafuta mdeni."

Sikumpigia shemeji. Hapo ndipo ninapolaumiwa na wote, na mimi nasema hivi: mwizi hapigiwi simu akaambiwa nakuja. Wananijibu kwamba hakuwa mwizi. Ndiyo, lakini mimi nilikuwa ndani ya basi, sikuwa ndani ya moyo wake.

Nilishuka, nikachukua bodaboda mpaka ilipokuwa alama, nikaendelea kwa miguu kati ya mabua ya alizeti. Ilikuwa jioni, ng'ombe wamesharudishwa zizini kukamuliwa. Nilikuta boma moja kubwa la mtu, nyumba za bati, zizi la miiba lenye ng'ombe kama thelathini. Simu ikatetemeka mkononi na mshale ukatokea, mweupe, mzuri, kama siku ile ya kwanza nyuma ya gunia la mchele: mita ishirini na mbili, kulia kidogo.

Nikaingia zizini. Sikupiga hodi. Nilikuwa nimenyoosha mkono na simu mbele yangu kama mtu anayemulika, nageuka taratibu, kwa sababu miili ya ng'ombe inauziba mshale, unapotea, unarudi, inabidi uupitishe kwa huyu, kwa yule, kwa yule, mpaka unyooke tena. Ng'ombe thelathini niliwapitia mmoja mmoja. Midomo yangu, nimeambiwa baadaye, ilikuwa inacheza. Namba zilikuwa zinapungua na mimi nilikuwa nazisoma.

Kama wewe si wa huku, nikueleze. Zizi la mtu haliingiwi bila mwenyewe. Ng'ombe wa mtu hawahesabiwi mbele yake, na hawanyooshewi kidole kamwe. Hata mwenyewe anajua idadi kwa rangi, huyu yupo na yule yupo, hatamki namba. Mimi nililelewa hivyo. Baba yangu angenichapa kwa robo ya nilichofanya. Lakini ukishika simu unajiona uko kazini, na mtu aliye kazini hajioni kama ana baba.

Nilimkuta wangu kwenye kona, mkanda shingoni, ndama wake kafungwa kando, mama mmoja kijana amechuchumaa anamkamua. Aliponiona akasimama na kibuyu chake.

"Shikamoo mjomba."

Alikuwa binti wa shemeji. Aliolewa mwaka juzi, na nilikula pilau la harusi yake. Mgongoni alikuwa na mtoto mchanga ambaye sikujua kama amezaliwa. Nyuma yangu nikasikia mzee anakohoa. Ni baba wa mume wake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unawatafuta wangapi?"

Hapo shemeji akaletwa kwa bodaboda, maana mkwewe alikuwa ameshatuma mtu: kuna mgeni zizini anawaelekezea ng'ombe chombo. Habari ikawekwa wazi. Binti, akiwa mzazi, alikuwa amekosa maziwa ya uji, ng'ombe wa pale walikuwa wamekauka kwa kiangazi, na baba yake akamletea huyu wangu amkamue miezi michache. Mila inaruhusu. Ila lazima mwenye ng'ombe aambiwe.

"Na hukuniambia," nilisema.

"Nilimwambia dada yangu. Siku ile ile." Alitamka polepole. "Yeye hukai naye?"

Nikafanya kosa la kuwa na maelezo. Mzee aliuliza kwa upole kabisa hicho chombo ni kitu gani, na mimi, badala ya kuomba radhi, nikaingia kwenye sauti yangu ya mezani. Nikamweleza mshale. Midundo inatoka, inagonga, inarudi. Nilimwonyesha hata kiooni.

"Na mkandani kuna kitu?"

"Kipo kidude, mzee."

"Ndicho kinacholia?"

Sikujua kama kinalia. Kumbe kidude kikikaa siku nyingi mbali na mwenyewe, kikitikiswa kinalia, vilio vidogo, ili aliyewekewa bila kujua ashtuke. Changu cha mezani kilikuwa hakijawahi kuwa mbali nami, kwa hiyo hakijawahi kuniumbua. Wale watu walikuwa na ng'ombe anayelia shingoni kama kifaranga muda wote huo, na hawakuuliza, kwa kuwa waliambiwa ni zawadi.

"Na hiyo midundo yako," mzee akaendelea, "ng'ombe wakisimama katikati, inapita?"

"Inapita mzee. Nyama inaipunguza nguvu kidogo, ila inapita."

"Inapita ndani yao."

"Haina madhara, mzee."

"Sijauliza madhara."

Shemeji alimvua ng'ombe mkanda. Kengele ililia mara moja, akaishika isilie tena. Akanyoosha mkono kunipa. "Ulinipa zawadi au askari?" Halafu wakaongea Kinyaturu, haraka, na mimi Kinyaturu nakisikia nusu. Nusu niliyoisikia ilinitosha. Mbele ya wakwe wa binti yake, shemeji alionekana mtu aliyeleta ng'ombe wa wizi mpaka mwenyewe akaja kumfuata na mashine. Nilikimbia dukani barabarani nikarudi na soda nne. Zilikaa kwenye stuli mpaka giza likaingia.

Nyumbani mke wangu alisikiliza yote amesimama.

"Ulijua ng'ombe amehamishwa," nilimwambia.

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema ungeanza kuhesabu lita." Akaupokea mkanda, akaubonyeza kwa dole gumba mpaka akakipata kile kigumu katikati. "Na mimi nilikusifia," alisema. Tangu hapo chakula changu anakiweka mezani na kukifunika vizuri, kila siku, na hasemi karibu.

Shemeji alikuja mwisho wa wiki hiyo, kwa miguu, na ng'ombe na ndama wake, amelala njiani. Tunaishi nyumba ya kupanga, kaya nne na bomba moja. Aliwafunga kwenye nguzo ya bomba. Alimsalimia dada yake. Nilimletea maji, kikombe cha bati, kwa mikono miwili.

"Nimekunywa njiani."

"Shemeji, kaa basi upumzike."

"Ng'ombe wako huyo, na ndama wako. Waangalie kama wametimia." Akangoja. Alitaka niwahesabu, pale, mbele yake. Nilitazama chini, na yeye akaondoka.

Mama mwenye nyumba alitoka kuangalia. "Mkataba umeandika watu watano."

"Huyu si mtu, mama."

"Ndiyo maana. Mtu angechangia maji."

Hayo yote bado ningeyabeba. Kilichonikosesha utulivu kilikuja baada ya siku chache: mtamba mmoja wa yule mzee ametupa mimba. Bwana mifugo amekwenda, amesema kuna ugonjwa wa kutupa mimba unaozunguka kiangazi hiki, amechukua damu kupima. Mzee amemjibu kwamba ugonjwa anaujua tangu ujana wake, ila haujawahi kuingia zizini umeshika simu.

Ningejua la kufanya kama angedai. Kudaiwa ni kazi yangu. Anataja, nataja, tunakutana katikati. Hadai. Amekaa kimya, na anayelipia ukimya huo ni yule binti. Mawifi zake wakimwona anakwenda kukamua wanamwambia, "Wifi, leo usituelekezee." Wanacheka. Akinyoosha mkono kumpokea mtoto wake, wanacheka. Baba yake amekatazwa na aibu kwenda kumwona, na uji wa mzazi sasa ni wa maji, wakati maziwa yake yapo hapa mjini, tunawauzia majirani kwa kikombe. Mke wangu amekataa kuyanywa.

Nimelipigia hesabu jambo hili kutoka pande zote. Nikimpelekea mzee mtamba kama fidia, nitakuwa nimekiri kwamba simu inatupa mimba za ng'ombe, na kila mimba itakayotupwa upande ule mwaka huu itakuja kugonga meza yangu. Nisipopeleka, binti ataishi na kicheko hicho mpaka azeeke, na shemeji hatakunywa maji yangu. Kuna njia ya tatu niliyoifikiria: nimrudishe ng'ombe huyu na ndama wake moja kwa moja kwa binti, awe wake, niite hongera ya mzazi, fidia nisiitaje. Mke wangu, katika maneno machache aliyonipa wiki hii, amesema wale wazee watanusa biashara ndani yake kabla ng'ombe hajafika mlangoni. Nilimuuliza nifanyeje isinuke. Alisema waulize wanaojua.

Basi nauliza. Siwaulizi wa simu, nawauliza mliokulia zizini, Wanyaturu hasa. Ng'ombe na ndama nimeshakubali kuwatoa, hapo sibishani. Je, niwataje kwa jina gani, fidia au hongera? Naanzia kwa nani, kwa mzee mwenye zizi au kwa shemeji? Na kwa kuwa mimi mdomo wangu ukifika pale utaanza kueleza, nimtume nani atangulie kusema, na huyo anayetangulia huwa anapewa nini mkononi?